Kipande cha Nne

Malisho yetu mlimani, juu ya Kabazi, yalikuwa yamechoka. Nyasi zilibaki hapa na pale kama nywele za mtoto mwenye mapunye kichwani, na ng'ombe walishuka jioni na njaa ile ile waliyopanda nayo asubuhi. Mzee Mathenge, mwenyekiti wa kamati ya malisho, alitaka mlima wote upandwe mikaratusi. Wengine wakasema tungoje kwanza madam Nabalayo wa chuo cha kilimo apime kama mbolea ya dukani inaweza kuufufua.

Madam akazungushia waya sehemu moja, akaigawa vipande vinne kwa kamba. Cha kwanza akakipa mbolea kidogo, cha pili zaidi, cha tatu nyingi. Cha nne hakukipa kitu.

"Hiki kisiguswe," akaniambia, kwa sababu mimi ndiye niliyeachiwa ufunguo wa lango. "Ndicho kitatuonyesha tofauti. Sawa, Becky?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Mvua ilipokwisha, kamati yote ikapanda mlima siku ya kupima. Kipande cha kwanza, nyasi zilifika kwenye kifundo cha mguu. Cha pili zilipita hapo kidogo. Cha tatu zilikuwa gotini. Cha nne zilifika mapajani, na nyingine zilikuwa zimelala kwa uzito.

Madam akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nyasi zilikuwa bado ni zile zile.

"Basi tumejua," akasema Mzee Mathenge. "Mlima huu hautaki mbolea. Tupande miti."

Ng'ombe wetu wawili hawana malisho mengine. Miti ikipandwa, wanauzwa. Na mimi nilijua. Asubuhi moja nilimwona Shosho Rahab, nyanya yangu, amepitisha mkono katikati ya waya akiwa na bakuli. Sasa alikuwa amesimama kando yangu, anaangalia mawingu. Nikisema, namwaibisha mbele ya watu. Tena sijawahi kusema lolote kwenye mkutano.

"Madam," nikasema, sauti ikitoka nyembamba kama ya mwanambuzi.

"Nani ameleta mbuzi huku?" akauliza Mzee Mathenge, akigeuka huku na huku.

"Ni mimi, mzee. Kipande cha nne kiliwekwa mbolea. Aliweka Shosho."

"Wee Becky!" Shosho akaacha mawingu. "Kwani ningefanya nini? Unapakulia watoto watatu, wa nne anakaa tu akiangalia sahani za wenzake? Nilikipa bakuli moja. Moja tu!"

"Bakuli moja haliwezi kufanya hivi," akasema madam.

Mama Naftaly, jirani yetu, akakohoa. "Na mimi nilirusha kidogo nikienda kuokota kuni. Kilinitia huruma."

"Mimi mikebe miwili," akasema Karanja wa kamati, bila kuulizwa.

Mzee Mathenge alikuwa anaangalia viatu vyake. Tukamwangalia mpaka akachoka.

"Yangu ilikuwa imebaki baada ya kupanda mahindi," akasema. "Ningeiacha inyeshewe?"

"Lakini si wewe ndiye unataka miti!" akasema Shosho.

"Nataka miti. Sikusema nataka kuona kitu kikifa njaa."

Madam alicheka mpaka akaketi chini. Alipopata pumzi akasema mbolea imefanya kazi, kila mtu ameona, lakini hesabu kama hiyo hawezi kuipeleka chuoni. Kamati ikakubali miti ingoje mpaka mvua nyingine. Akapima kipande kipya kitupu, akanipa kazi upya.

"Ng'ombe wakija, wafukuze," akasema. "Watu wakija, wafukuze zaidi."

Wiki ya tatu, nikamkuta Mzee Mathenge kwenye waya, mkono mmoja ndani ya mfuko wa koti.

"Kimekonda sana, Becky."

"Ndivyo kinavyotakiwa, mzee."

"Hata kijiko kimoja?"

"Toa mkono mfukoni, mzee."

Akautoa polepole, umejaa punje nyeupe. Nikamsindikiza mpaka kwenye mahindi yake, akazimwaga hapo, akilalamika njia nzima kwamba mahindi yenyewe yameshashiba.