Nukta Nyekundu Ukutani

Kitendawili: ni mdogo kuliko punje ya dengu, hana miguu, na anapanda ukuta kumshinda paka. Mjukuu wangu Tansy alikijua hicho kabla hajatimiza miaka minne. "Nukta!" alikuwa akipiga kelele, mikono yake imelala wazi magotini, maana ndiyo sheria ya nyumba yetu. Ukitegewa kitendawili unaweka chini chochote ulichoshika, unaonyesha viganja vitupu, ndipo unajibu. Sheria hiyo niliileta mimi mwaka tuliooana, mume wangu Verlin alipokuwa akijifanya anafikiri huku anamaliza mkate wangu wa mahindi.

Nukta ya Tansy ilitoka kwenye kitochi cha kuchezea paka. Ukibonyeza, kijicho chekundu kinakimbia sakafuni, na paka na mtoto wanakifukuza pamoja hadi hujui nani mwenye kucha. Anayekifunika kwanza kwa kiganja ndiye mshindi. Kitochi hicho nilikinunua mwenyewe, na ninalisema hilo mapema ili lawama zote asibebeshwe Verlin.

Miaka tisa mume wangu alikaa benchi la mwisho kanisani, kando ya mlango, bastola ndogo mfukoni, yeye na wanaume wengine wanne wa kikosi cha kulinda waumini. Kila masika hupimwa shabaha. Mwaka huu daktari alikuwa amemwambia kwamba katikati ya macho yake pameingia kiwingu, na kiwingu hicho hakiondoki. Siku ya kipimo risasi zake zilitawanyika kwenye karatasi kama mbegu zilizomwagika. Ndugu Harlan, mkuu wa kikosi, akampa wiki mbili ajaribu tena, ama sivyo amwachie mwingine mlango.

"Nikitolewa pale mlangoni nitakaa wapi, Idabel?" aliniuliza tukiwa njiani kurudi nyumbani.

"Utakaa na mimi, kama waume wa wenzangu."

"Wale? Wale wanasinzia mpaka wimbo wa mwisho."

Jumatatu tukaenda kwa Garland, mwenye duka la bunduki. Tansy tulikuwa naye, kwa sababu mama yake hufanya kazi hospitalini na siku za kazi mtoto ni wetu. Garland ni mtu wa maneno mengi na tumbo la kutosha kuyabeba.

"Mzee Verlin! Nimesikia umeipiga risasi miti yote ya Ndugu Harlan."

"Miti ilianza."

"Basi unahitaji leza. Macho yasipoona ile alama ya mbele ya bastola, achana nayo. Unaangalia nukta tu. Nukta ilipo, risasi inafuata."

Akatandaza tatu juu ya kioo cha kaunta. Ya kwanza ilikuwa na kitufe cha pembeni. Verlin aliijaribu mara mbili, kidole chake chenye baridi yabisi kikakipita kitufe bila kukiona. Nyingine mbili zilifungwa kwenye mpini, na kiwashio chake kikakaa chini ya kidole cha kati. Ukiikamata tu bastola sawasawa, nukta inawaka yenyewe. Moja ilitoa mwanga wa kijani, moja mwekundu.

"Kijani kinaonekana hata jua la saa sita," Garland akasema. "Ila kinakula betri, na kinajaza mfuko. Chekundu ni chembamba, betri inadumu, lakini nje juani utakitafuta kama shilingi iliyopotea. Na juu ya kitu chekundu, hapo usikitegemee kabisa."

"Kanisani hakuna jua," Verlin akasema. "Nipe chekundu."

Akaikamata bastola tupu ya duka na kuielekeza ukutani. Nukta ikawaka. Kabla sijageuka, Tansy alikuwa ameshachomoka mkononi mwangu. Alifika ukutani na kuipiga kwa kiganja.

"Nimeshinda!"

Garland alicheka mpaka akashika kaunta. Verlin alikuwa ameshashusha bastola chini, haraka, kama anavyopaswa. Mimi sikucheka. Nilimwambia, "Verlin, hiyo ni rangi ya kitochi cha paka."

"Nitafanya mazoezi mtoto asipokuwepo," akajibu. "Naapa, mama."

Jumanne alirekebisha leza nyuma ya ghala. Alibandika sahani ya karatasi, akahesabu hatua saba, akafyatua, akageuza skrubu mbili ndogo kwa kiufunguo chembamba kama sindano, akafyatua tena. Jioni alinionyesha sahani: matundu matano, yote yangefunikwa na kikombe. Sikuwa nimemwona na uso ule tangu daktari aseme habari ya kiwingu. Ningemkataza nini mtu mwenye uso ule?

Kilichobaki kilikuwa mkono kutulia, na huko kunafanyiwa mazoezi makavu, bila risasi. Unaweka nukta ukutani, unahesabu hadi kumi, unavuta triga polepole. Nukta ikiruka, umekosea. Kabla ya hapo alikuwa na utaratibu wake mezani jikoni. Anachomoa magazini yenye risasi sita. Kisha anavuta chuma cha juu, ile ya saba iliyokuwa ndani ya chemba inaruka nje, anaiweka kwenye kisahani changu cha bluu. Halafu anatia kidole kuhakikisha. Jumanne kisahani kilikuwa na risasi. Jumatano kilikuwa nayo.

Alhamisi mvua ilianza asubuhi na haikukata. Kufikia saa tisa mchana mbingu ilikuwa na ile rangi ya jipu tunayoijua sote huku Oklahoma, na redio inakuambia usikae mbali na handaki la kujikinga na kimbunga. Ndani palikuwa giza kama jioni. Tansy nilimlaza chumbani kwetu baada ya chakula, katika sweta yake nyekundu ambayo haivui hata umlipe. Verlin alichungulia, akaona amelala, akaja jikoni. Nilimsikia akichomoa magazini. Simu ikalia. Alikuwa Ndugu Harlan, anauliza kama Jumamosi atakuja kwenye kipimo.

"Nipo," Verlin akamwambia. "Na nikifaulu, kofia yako utaitafuna."

Wakacheka. Alikata simu, akachukua bastola, akaenda kukaa kwenye kiti cha mwisho wa korido, taa zote zimezimwa ili nukta ionekane ukutani upande wa pili. Mimi nilikuwa namenya viazi. Niliposogeza magazini nipate nafasi ya sufuria, nikakiona kisahani.

Kilikuwa kitupu.

Niliangalia chini ya meza. Niliangalia kwenye maganda ya viazi, maana moyo ukikataa jambo unatafuta hata mahali pa kijinga. Korido nzima niliiona kutoka pale niliposimama. Verlin alikuwa upande wangu wa kushoto, mikono miwili imenyooka. Nukta ilikuwa kwenye mbao nyeusi za ukuta, chini kidogo ya picha ya harusi, inatetemeka, inatulia.

"Moja," akahesabu. "Mbili."

Mlango wa chumba chetu ukafunguka, na Tansy akatoka miguu mitupu na nywele zimesimama. Hakunitazama mimi wala babu yake. Aliitazama nukta.

Akakimbia kimya, kama anavyomnyatia paka, akasimama mbele ya nukta. Akainua kiganja ukutani. Nukta ikaangukia mgongoni mwake, juu ya sweta nyekundu, na hapo ikapotea.

"Nne," Verlin akasema, kisha akanyamaza. "Ah. Imezimika."

Nikajua Verlin haoni. Mtoto alikuwa ndani ya kiwingu chake na ndani ya giza la korido, na kitu pekee alichokuwa anakitafuta kilikuwa kimezama kwenye wekundu wa sweta. Niliona kidole chake cha kati kikibana mpini kwa nguvu zaidi ili kuiwasha, na kile cha shahada kiko kwenye triga.

Nilitaka kupiga kelele. Lakini mtu akishtuliwa hukunja ngumi, kila mtu aliyelea watoto anajua hivyo. Nikalamba midomo. Nikasema kwa sauti ya kila siku, ile ya mezani:

"Verlin, kitendawili."

"Aa, Idabel, sasa hivi? Betri hii..."

"Kitendawili, nimesema."

Miaka hamsini na mmoja ya sheria ileile. Akapumua, akailaza bastola kwenye meza ndogo ya simu iliyo ubavuni mwake, mdomo ukiangalia ukuta mtupu, akaweka viganja vyake magotini.

"Tega."

"Ndugu saba husafiri pamoja. Sita wamelala mezani kwangu. Kitanda cha wa saba ni cha bluu, na hakijalaliwa. Yuko wapi?"

Alianza kutabasamu. Nilimwona akikitafuta kisahani kichwani mwake, halafu simu, halafu kicheko cha Ndugu Harlan. Tabasamu likabaki usoni bila mwenyewe. Kutoka gizani Tansy akasema, "Nimeshinda, babu! Niliiziba!"

Nilishawasha taa. Nilimbeba mtoto, nikampeleka jikoni na kufunga mlango. Nyuma yangu nikasikia chuma kikivutwa, na kitu kidogo kikaanguka kwenye mbao na kubingirika kwa muda mrefu kuliko korido yetu ilivyo.

Verlin hakulia. Alikuja kusimama mlangoni na risasi kiganjani, akaiweka kwenye kisahani taratibu kama anamlaza mtu. Kisha akachukua kile kiufunguo chembamba, akafungua leza kwenye mpini skrubu moja moja, akaifungia bastola kwenye kasha la chuma na kunikabidhi ufunguo. Akampigia Ndugu Harlan. "Mlango mpe mwingine," alisema. Harlan aliuliza kwa nini, nilimsikia. Verlin alikata simu.

Siku hizi kanisani tunakaa benchi la kati. Kitochi cha paka nilikitupa siku ileile, lakini Tansy bado hukagua kuta kila anapoamka, kiganja tayari. Na bado ananiuliza, mikono yake ikiwa magotini kama nilivyomfundisha:

"Bibi, wa saba alikuwa wapi?"

Verlin huinuka na kwenda kutazama mvua, hata kama hainyeshi.