Chumba Kilale Kwanza

Saa sita na nusu mchana taa za ghorofa ya tano zilizimwa, na wahandisi wakalaza vichwa mezani juu ya mito yao midogo. Mji mzima wa Hsinchu, huko Taiwan, hulala saa hiyo. Shih Yun-ju peke yake alibaki macho, mbele yake kishikwambi kilichofunguliwa tumbo, nyaya zikining'inia. Hakuwa na usingizi, na hata angekuwa nao asingeustahili.

Kishikwambi kile kilikuwa na ugonjwa wa miaka miwili. Ukikiacha kilale kisha ukiamshe, mara moja katika mia tatu kinaganda. Wateja walipolalamika kikao kiliitishwa, na bosi akauliza kiendeshi cha umeme wake, ile programu ya kuuwasha na kuuzima, kiliandikwa na nani. Juu ya faili palikuwa na jina la Juan Tse-wei, aliyekaa meza ya pili kutoka kwa Yun-ju na kula naye kila mchana. Macho yote yakamgeukia Tse-wei. Yun-ju naye alikuwa amelichezea faili lile mwezi Machi, na alijua hivyo. Akainama, akatazama kalamu yake.

Tse-wei hakufukuzwa. Alinyimwa kazi tu mpaka akaaga mwenyewe, akarudi kwao Pingtung kwenye shamba la matufaa la mama yake. Kabla ya kuondoka alimwandikia mstari mmoja: "Yun-ju, hebu tazama yale mabadiliko yako ya Machi." Hakumjibu. Wiki ikawa mwezi, mwezi ukawa aibu, na aibu ikishakomaa haijibiki. Tangu siku ile alikula tambi zake peke yake, akiondoa mwenyewe giligilani asiyoipenda, kazi ambayo zamani Tse-wei alimfanyia huku akimcheka.

Leo ndiyo kwanza ameyatazama mabadiliko yale. Ilimchukua robo saa. Miaka miwili ya woga kwa kazi ya robo saa!

Jambo lenyewe halina uchawi. Chipu imegawanywa vyumba, na kila chumba kina kidhibiti kinachokipa volti zake. Mwenye funguo ni kiendeshi, kilichomo ndani ya kerneli, moyo wa mfumo mzima. Wakati wa kufunga, hulaza chumba kwanza, kisha ndipo huzima kidhibiti. Ukigeuza, ni sawa na kufunga bomba wakati mtu bado ana sabuni usoni. Tse-wei alikuwa ameandika sawasawa, na juu yake akaacha onyo: "Chumba kilale kwanza, ndipo umeme ukatwe. Tafadhali usipange upya." Yun-ju, katika kulisafisha faili lipendeze, alipanga upya. Lile onyo aliliona porojo, akalifuta.

Akarudisha mistari mahali pake, na onyo neno kwa neno. Akakiacha kishikwambi kilale na kuamka chenyewe mara elfu moja. Hakikuganda hata mara moja. Taa zilipowaka, bosi wake, Pai, akaja na kikombe cha chai, alama ya mto ingali shavuni.

"We dada, hulali? Si nilikwambia uandike tu kidhibiti kisizimwe kamwe, tuwapelekee watu mzigo wao?"

"Kisipozimwa, betri itakwisha kabla ya chakula cha jioni, bosi."

"Si wanunue chaja! Chaja nazo tunauza." Akacheka peke yake, kisha akasogea kusoma kwenye skrini maelezo ya marekebisho aliyoyaandika Yun-ju, na kicheko kikakatika. "Hapa kwenye chanzo cha kosa, mbona umeweka mabadiliko yako, na jina juu?"

"Kwa sababu kosa ni langu."

"Nani kakuuliza? Hii inakwenda kwa watu wa kerneli dunia nzima, na haifutiki. Mwezi ujao watu wanapandishwa vyeo. Andika limerekebishwa, basi. Tse-wei keshajiendea, na asiyekuwapo na lake halipo."

"Lake lipo, bosi. Miaka miwili anabeba langu."

Pai akamtazama. "Haya mama. Ukijichoma usije kwangu kutafuta maji."

Chini ya maelezo, mahali ambapo watu huandika ya kitaalamu tu, Yun-ju aliongeza: "Tse-wei alisema kweli tangu mwanzo. Mimi nilinyamaza. Nisamehe." Akaweka anwani ya Tse-wei, akatuma.

Siku tatu walijibu watu asiowajua. Mmoja alisahihisha nafasi kati ya maneno. Jumatatu asubuhi ikaingia barua ya Tse-wei, Yun-ju akaifungua.

"Nimejaribu kwenye bodi yangu ya zamani ya majaribio, mara elfu kumi. Haikuganda. Imejaribiwa na: Juan Tse-wei."

Basi. Hakuna hujambo, hakuna jina la Yun-ju. Akashuka mpaka chini kabisa ya ukurasa, akitafuta hata mstari mmoja zaidi. Halafu akafanya kama desturi ya watu wa kerneli inavyotaka: akaunakili ule mstari wa mwisho wa barua, akauweka kwenye marekebisho chini ya jina lake mwenyewe, ili majina yote mawili yabaki humo kwa kumbukumbu.

Pai alikuwa akipita na chai yake. "Jamaa kajibu?"

"Kazi kaijibu," alisema Yun-ju. "Mimi hakunijibu."