Watoto wa Dada Kaunta

Asubuhi mradi wake ulipogeuka kijani, Mama Foleni alishindwa kukaa. Alisimama mbele ya skrini kubwa ya ukumbini, ambako serikali iliianika miradi yake yote ya kompyuta kama nguo kwenye kamba, kila mmoja na rangi yake. Kijani ni mradi unaokwenda, njano ni unaochechemea, nyekundu ni uliolala. Mradi wake ulikuwa wa kuwapa watoto vyeti vya kuzaliwa palepale kliniki, mzazi asiende tena kusimama kutwa kwenye ofisi za mjini. Awamu mbili mfululizo ulikuwa umelala nyekundu. Leo ulikuwa kijani kama jani la mgomba baada ya mvua.

"Ahsante Mungu," alinong'ona, akaigusa ile skrini kwa ncha ya kidole, kama anayehakikisha rangi haichuji.

Jina la Mama Foleni wenzake walimpa kwa utani. Tangu mradi uanze hakuwa na hadithi nyingine: foleni itakufa, foleni tutaizika. Hata mumewe akimwona amechelewa kurudi humwuliza, "Haya, marehemu foleni hajambo?"

Lakini kijani ile ilikuwa bado nguo ya kuazima. Pale ofisini kwao takwimu zikipanda skrini hugeuka yenyewe, ila rangi haithibitiki mpaka mfuatiliaji aende kwa miguu yake, akae wanapokaa wananchi, na awaone kwa macho yake wakipata huduma wenyewe, mtumishi asitie hata kidole. Waliuita ushuhuda. Ushuhuda wa mradi wake ulikuwa asubuhi hiyohiyo, na alasiri kamati inakaa. Ukipita, mashine zinapelekwa kliniki zote. Ukianguka, hiyo ni nyekundu ya tatu, na nyekundu ya tatu haina dua: mradi unafungwa, mashine zinarudi stoo, na kina mama wanarudi mjini kupanga mstari na vichanga vyao mgongoni.

Mama Foleni alifika kliniki moyo ukimdunda kama wa bibi harusi. Mashine ilikuwa imesimama ukutani, ndefu kama kabati, kioo chake kimepanguswa hata unaweza kujitazama meno. Fundi, kijana aliyeiandikia programu zake, alikuwa ameketi pembeni na kompyuta mapajani. Na Dada Kaunta, karani wa pale, alikuwa amejifunga kilemba kipya kwa ajili ya wageni. Alikuwa mwanamke mnene wa mwili na wa huruma. Akimwona mtu amekwama, hata kama ni mlangoni kwa jirani, hatulii mpaka amemkwamua.

"Kijani, bosi," alisema Dada Kaunta, akimkumbatia. "Si nilikwambia? Mwezi huu hakuna mama aliyetoka hapa mikono mitupu."

"Nimeiona. Usiku sikulala vizuri, sasa naogopa nisije nikalala kwenye kamati."

Mfuatiliaji aliingia kimya, mzee mwembamba mwenye koti pana kuliko mabega yake. Walimwita Taa, kwa sababu ya zile rangi. Aliwasalimu kina mama wa kwenye benchi kwanza, watumishi baadaye. Kisha akatoa chaki mfukoni, akainama taratibu, akachora mstari sakafuni.

"Watumishi wote nyuma ya huu," alisema. "Mikono mgongoni."

"Na mdomo, mzee?" aliuliza Dada Kaunta.

"Mdomo ndio wa kwanza."

Taa aliwachagua mwenyewe watu watano kutoka benchini. Wa kwanza alikuwa mama kijana mwenye mtoto wa kike amelala fofofo. Akagusa kioo, akaandika jina la mtoto, akaandika namba yake ya simu. Simu ikalia mkobani: namba ya siri imefika. Akaiingiza. Mashine ikaguna kidogo, kisha ikatema cheti, bado kina joto. Yule mama akakishika kwa mikono miwili akakisoma, midomo ikimcheza. Mama Foleni alijikuta anatabasamu mpaka mashavu yanauma.

Wa pili alikuwa na mapacha, mmoja mbele, mmoja mgongoni. Akaandika, akaandika, akafika kwenye namba ya simu, akasimama.

"Simu ni ya baba yao," aliiambia mashine, kama vile ingemjibu. "Na baba yao ni dereva wa lori. Yuko safari."

Mama Pacha akageuka kutazama watu. Mama Foleni akauma mdomo. Kabla hajameza mate, Dada Kaunta alikwisha kuuvuka mstari, simu mkononi.

"Weka yangu tu, mwenzangu. Kama kawaida."

"Rudi nyuma, dada," alisema Taa. Kisha akamtazama vizuri. "Kama kawaida?"

Dada Kaunta alijibu kwa fahari yote, kama mpishi anayeulizwa siri ya mchuzi. "Nawasaidia, mzee. Humu wengi simu ni ya nyumba nzima, na nyumba nzima maana yake baba. Basi naweka namba yangu, ujumbe unaingia kwangu, nawasomea, wanaondoka na vyeti vyao. Unafikiri kijani imekuja kwa miguu?"

Taa akamgeukia Fundi. "Mwanangu, hebu niangalizie humo, kwa namba yake ya simu. Huyu dada ana watoto wangapi?"

Fundi akabonyeza. Akabonyeza tena. Akajifuta uso kwa kiganja.

"Ni wengi, mzee."

"Wengi kiasi gani?"

"Karibu wote."

Kwenye benchi kulikuwa na bibi mmoja aliyempakata mjukuu. "Hongera mwanangu," alimwambia Dada Kaunta. "Na wote hao umewabeba bila mtu kuliona tumbo."

Benchi zima likacheka, hata Sista wa dirisha la chanjo akaangusha pamba. Taa hakucheka.

"Siku mtoto anakwenda shule, cheti kimepotea," alisema, bila kupandisha sauti. "Mama anaomba kingine. Namba ya siri inakwenda wapi? Kwa karani. Karani akihamishwa? Akibadilisha simu? Mtoto ana cheti, lakini ufunguo wake uko mfukoni mwa mtu mwingine."

Tabasamu la Dada Kaunta likaanguka. "Mimi nilitaka wasirudi mikono mitupu," alisema taratibu, akaiweka simu mfukoni kama kitu kilichomwunguza.

Mama Foleni alihisi kijani yote inamtoka mwilini. Alitaka kumkasirikia Dada Kaunta, hasira ikakosa pa kushika. Nani aliyemwambia mwanamke huyu kila siku, hakikisha hakuna anayetoka bila cheti? Na mashine yenyewe waliijaribia wapi? Ofisini, kati ya watu wenye simu mbili mbili mfukoni. Ilifanya kazi vizuri sana ofisini.

Angeweza kubembeleza. Mzee alikuwa mtu wa huruma, wote walijua. Lakini mficha uchi hazai, na pale palikuwa kliniki ya wazazi.

"Mzee, nimeona," alisema. "Ningekuwa wewe ningeandika nyekundu."

"Sijaandika kitu. Nimekuja kutazama, na bado natazama."

Basi naye akatazama. Siku zote akija hapa husimama ubavuni mwa mashine, mkono begani mwa mama, uso kwenye kioo. Leo ule mstari ulimzuia, akabaki anawatazama watu wa benchini. Wengine walikuwa na mikoba, wengine hawana. Wengine simu, wengine hawana. Lakini wote, kila mmoja wao, walikuwa na kadi ya kliniki, imetiwa kwenye mfuko wa plastiki na kubanwa pamoja na mtoto. Bila kadi hakuna mizani, bila kadi hakuna chanjo. Mtu atasahau viatu, kadi hasahau. Na pale dirishani Sista alikuwa anazipitisha moja moja mbele ya kidude chake: pi, mtoto huyu, pi, mtoto yule.

Damu ikaanza kumchemka upya.

"Fundi. Kile kidude cha Sista kinasoma nini?"

"Namba ya mtoto, bosi. Ile mistari ya kwenye kadi."

"Mashine yetu haiwezi kuisoma?"

Fundi akasita. "Inaweza. Jicho lake limo humo ndani, tulilizima wenyewe. Ulisema kadi ni mambo ya kizamani, mtu wa leo anatumia simu."

"Mimi nilisema?"

"Mkutanoni. Tukakupigia makofi."

"Basi niondoleeni makofi yenu. Na mtu akiokota kadi ya mwenzie?"

"Tungeweka kidole," alisema Fundi, naye ameanza kusimama. "Kila mama anayejifungua hapa wodi inachukua alama ya dole gumba lake. Liko kwenye mfumo tayari. Kadi na kidole, basi, simu hatuihitaji."

Mama Foleni akamgeukia Taa. "Mzee, kutengeneza ni kusaidia?"

Taa alifikiri, akijikuna kidevu. "Kuitengeneza mashine si kumshika mtu mkono. Tengeneza. Ila kamati haitanisubiri."

Fundi akakaa chini sakafuni, miguu ameikunja, akaanza kupiga simu makao makuu huku anaandika, simu ameibana kwa bega. Fungua jicho. Hapana, la kadi. Ndiyo, sasa hivi. Mama Foleni aliwaambia kina mama ukweli: mashine ina kasoro, tunairekebisha, anayetaka kuondoka aende kwa amani, hatumlaumu. Hakuna aliyeinuka.

"Mimi siondoki," alisema Mama Pacha. "Nimetoka nyumbani na watoto wawili, nishindwe na kabati?"

Mara ya kwanza mashine ilikataa kadi. Benchi likaguna. Mara ya pili ikasoma kadi, ikakataa kidole. Mtu akasema mkono una mafuta ya mtoto, mwingine akarusha kitambaa. Wale waliokwisha kuhudumiwa dirishani walikuwa wamerudi na kusimama nyuma, shingo ndefu, kama watu wanaotazama mpira. Mama Foleni alikuwa anaomba kimoyomoyo, sala fupifupi zisizo na mwanzo wala mwisho.

"Sasa," alisema Fundi.

Mama Pacha akafuta dole gumba, akapitisha kadi, akabonyeza. Pi. Mashine ikaguna, ikatema cheti. Akapitisha kadi ya pili. Pi. Cheti kingine.

Watu wakapiga makofi mpaka pacha wa mgongoni akaamka na kupasua kilio, na mwenzie wa mbele akamwitikia. "Mnaniamshia wodi nzima," alifoka Sista kutoka dirishani, lakini yeye mwenyewe meno yote yalikuwa nje. Wa tatu akapita. Wa nne akapita bila hata kuuliza, maana alikuwa amewatazama wenzake.

Wa tano alikuwa yule bibi. Akapitisha kadi, ikasomwa. Akaweka dole lake lililokunjamana kwa jembe na miaka. Mashine ikakataa. Akaweka tena.

"Si kidole cha mama," alisema bibi, akaguna. "Mama yake yuko mbali kazini, mimi ndiye ninayelea. Kumbe kabati linajua."

Mama Foleni aliuona mkono wake mwenyewe unainuka. Akaushika kwa mkono mwingine, akaurudisha mgongoni. Pembeni yake Dada Kaunta alikuwa amejiziba mdomo kwa ncha ya kilemba. Bibi akarudi benchini bila cheti, na Taa akaandika.

Alasiri ukumbi ulijaa. Taa alisoma aliyoyaona, mabaya na mazuri, kwa sauti ileile. Kisha akaomba wale watoto wote wa namba moja ya simu waondolewe kwenye hesabu, na mbele ya macho ya watu namba ya mradi wa Mama Foleni ikaporomoka kama gunia lililokatwa kamba. Mtu wa nyuma akacheka kidogo.

Mwenyekiti, mama mwenye miwani mizito, akamtazama juu ya miwani. "Asubuhi ulikuwa na mamia. Sasa una wachache tu, na walioshuhudiwa ni wanne."

"Wanne, mheshimiwa," alisema Mama Foleni. "Lakini hawa wanne watoto wao ni wa kwao wenyewe. Wale wa mwanzo tutawaita mmoja mmoja, waje na kadi zao."

"Na yule bibi?"

"Yule bado sijamweza."

Wanakamati wakainamiana, wakanong'ona. Mama Foleni alitazama mikono yake. Alikuwa tayari kwa lolote, na hakuwa tayari hata kidogo.

"Mashine haziendi kliniki nyingine," alisema mwenyekiti hatimaye. "Mpaka kwanza bibi kama huyo apate cheti. Lakini mradi unaokubali kuonyesha ulipovunjika siufungi. Njano."

Skrini ikageuka. Mama Foleni alitoka nje mbio, akapiga simu kliniki huku machozi yanamshuka na kicheko kinampanda.

"Tumefungwa?" aliuliza Dada Kaunta upande wa pili, kabla hata ya salamu.

"Hatujafungwa. Njano."

Simu ikajaa vigelegele, kisha sauti ya Sista inafoka, kisha Dada Kaunta tena, akihema. "Bosi, njoo basi. Fundi anasema walezi wanaweza kuandikwa wodini na dole lao, mama akikubali. Tumempigia binti yake, amekubali. Na bibi bado amekaa. Anasema haondoki mpaka kabati limjue."

"Mwambieni nakuja," alisema Mama Foleni, na alikuwa ameshaanza kushuka ngazi.