Kiti cha Mama Mkwe

Muthamia alikuwa mtu wa kuamua upesi na kujuta polepole. Siku aliyoamua kununua kompresa ya gari, aliamua kabla chai haijapoa.

“Nimepata dawa ya ule mchanga,” alimwambia mkewe, Karimi, aliyekuwa ameketi jikoni akimnyonyesha mtoto.

“Hata koleo ulisema ni dawa,” Karimi akajibu bila kuinua kichwa.

Alikuwa na haki ya kutoamini. Muthamia alinunua ndengu kwa wakulima wa Embu, kule chini kwenye joto, akaziuza Meru mjini alikokaa. Kazi hiyo aliifanya kwa Land Rover kuukuu ya mwaka wa sabini na nane, gari lenye nguvu za fahali na makelele ya poshomili. Lilipanda milima, likavuka matope, likabeba magunia mpaka springi zikalia. Kitu kimoja tu kililishinda: mto wa mchanga ulioko chini ya Karurumo, ule usio na maji mwaka mzima isipokuwa mvua inaponyesha. Na ng'ambo ya mto huo, kati ya mito yote ya dunia, ndiko alikokaa mama mkwe wake, Igoki.

Mwaka juzi alikwenda kumchukua aje kwa ubatizo wa mjukuu wa kwanza. Walifika katikati ya mchanga, magurudumu yakajichimbia, gari likalala tumbo. Mama mkwe akashuka na gauni lake la kanisani, akaombwa kusukuma, kiatu kimoja kikamezwa na mchanga na hakikuonekana tena. Mwishowe akaja jirani mmoja, Ndambiri, na ng'ombe wake wa kulima, akalivuta gari huku akicheka mpaka akashika mbavu. Igoki aligeuka akarudi kwake, mguu mmoja na kiatu, mwingine bila. Ndambiri naye alipata hadithi ya kusimulia sokoni mpaka leo.

Sasa alikuwa amezaliwa binti wa pili. Kwa kina Karimi binti wa pili huitwa kwa jina la mama wa mke, kwa hiyo mtoto alikuwa Igoki, na mtoto Igoki alikuwa ameanza kuota meno bila kupakatwa na mwenye jina. Jambo hilo lilimuuma Karimi. Alilia jikoni, alilia kanisani, siku moja alilia akikatakata sukuma wiki. Muthamia alipotuma watu kubembeleza, jibu lilirudi limenyooka: “Nitakuja. Lakini nichukuliwe kwangu kama mtu mwenye mkwe, si kwa gari la kulipia. Na nikipanda hilo gari la mkwe wangu, sishuki mpaka mlangoni kwa wajina wangu. Nikishushwa njiani, narudi kwangu, na msinijie tena.”

Basi hiyo ndiyo iliyokuwa shida ya Muthamia, na ilimnyima usingizi. Dereva mmoja wa lori ndiye aliyemfungua macho. “Kwani wewe huingia mchangani na matairi yamejaa hivyo? Toa upepo, bwana. Tairi likilegea linakanyaga mchanga, halichimbi.” Ni kweli. Ila ukishatoa upepo, utaurudisha na nini huko porini? Ndipo akaenda Majengo, kwa fundi Kiambi, ambaye gereji yake iko nyuma ya bucha na ambaye hacheki ovyo.

Kiambi alimwonyesha kompresa tatu. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya plastiki, ya kuchomekwa pale pa kuwashia sigara. “Hii ni ya kujaza mipira ya watoto,” alisema, “ukifika tairi la pili itatoa moshi.” Ya pili ilikuwa imetengenezwa kutoka kwa mashine ya ubaridi ya gari dogo lililokufa, ya kuzungushwa na mshipi wa injini. Muthamia aliipenda papo hapo kwa sababu ilikuwa kubwa. Kiambi akatikisa kichwa. Hiyo ingetaka kuchomelewa kishikio pale injini, ingetema oili ndani ya mpira wa kupitisha upepo, na mshipi ukikatika huna upepo na labda huna safari. Ya tatu ilikuwa ya umeme, ya chuma tupu, nzito, na nyaya nene za kwenda moja kwa moja kwa betri zikiwa na fiuzi yake.

“Hii ni polepole lakini ni ya kazi,” Kiambi alisema. “Injini ikinguruma ili betri isichoke, inajaza yote manne.”

“Na tunaweza kuiwekea honi ya upepo? Ile ya malori?”

“Wewe unataka kujaza tairi ama unataka kuita mbuzi?”

Honi ikaachwa. Likabaki swali la mahali pa kuifunga. Chini ya boneti kuna moto. Nyuma kuna magunia na vumbi la ndengu. Chini ya kiti cha dereva, kwa Land Rover ya zamani, liko tangi la petroli, na hakuna mwenye akili anayeweka umeme hapo. Lakini chini ya kiti cha abiria, cha dirishani, liko sanduku la bati la kuwekea vifaa. Unainua mto wa kiti, unafungua kifuniko, hapo ndani ni pakavu na pana baridi. Kompresa iliingia kama ilipimwa.

“Nani hukaa hapa?” Kiambi aliuliza.

“Mke wangu tu.”

“Nikiongeza mpira utokee mbele kwa bampa, na swichi niilete nje, utakuwa unajaza bila kusumbua mtu. Lakini ni mpaka kesho.”

“Kesho niko Embu. Wacha tu hivyo. Atainuka.”

Atainuka! Kiambi aliinua mabega akafunga boneti. Muthamia akaondoka akipiga mluzi.

Asubuhi ilimkuta njiani akiwa na dada yake mkubwa, Makandi. Huyo hakwenda kwa matembezi. Kule mkwe wa kiume hakai peke yake garini na mama mkwe, wala hamwambii neno usoni. Akitaka kusema jambo hupitishia kwa mwingine, hata kama mama mkwe yuko umbali wa mkono. Makandi ndiye aliyekuwa simu.

Walivuka mto wakishuka, matairi yamelegezwa, Land Rover ikapita juu ya mchanga ikinesanesa bila kuzama hata kidogo. Muthamia alipiga usukani kwa furaha. Hakuhangaika kurudisha upepo, kwa maana nyumba ilikuwa pale pale ng'ambo na mto angeuvuka tena.

Igoki alikuwa ameshajiandaa, gauni lile lile, viatu vipya, kuku kwenye kikapu. Makandi, kwa heshima, akamwachia kiti cha dirishani, yeye akakaa katikati. Igoki akapanda, akajipanga vizuri, akafunga mlango.

“Makandi,” alisema, “mkumbushe mwenye gari. Sishuki mpaka mlangoni kwa wajina wangu.”

“Amesikia, Mama.”

“Mwambie Mama,” Muthamia akasema akiwasha gari, “safari hii hakuna shida. Kuna mashine.”

“Nimesikia kuna mashine,” Igoki akamwambia Makandi.

Wakauvuka mto kwa mara ya pili, laini kabisa. Katikati ya mchanga Igoki alichungulia dirishani pale kiatu chake kilipozama, kisha akatazama mbele. Akalegeza mkono uliokuwa umekamata kikapu. Muthamia aliona, akatabasamu. Akapanda ukingo, akasimamisha gari, akashuka kwa mikogo akasugua viganja.

“Haya Makandi, nipe ule mpira, uko hapo chini ya...”

Alitazama kiti. Mama mkwe alikuwa amekikalia barabara, ametandaza na leso kabisa. Angemwambiaje mama wa mke wake ainuke ili mkwe apapase alipokuwa ameketi? Na kuinuka ni kushuka, na kushuka ni kurudi nyumbani. Mwathani, Mungu wangu! “Mke wangu tu,” ndivyo alivyomwambia Kiambi. Atainuka!

Akarudi kwenye usukani. “Twende polepole,” alisema.

Mbele yao ilikuwa barabara ya mawe mpaka Karurumo, na tairi lililolegea kwenye mawe makali ni tairi la kutupa. Alitambaa. Punda wawili wenye mitungi wakawapita. Mama mmoja mwenye kuni akawapita, akawasalimia, akageuka kuwatazama tena. Gurudumu la nyuma lilipoanza kupiga pata pata pata, ilibidi asimame.

Na nani atokee hapo na baiskeli, jamani? Ndambiri!

“Muthamia! Niende nilete ng'ombe?”

“Una pampu?” Muthamia aliuliza huku ameuma meno.

Pampu ilikuwapo. Mpira wake ulikubali kushika kwenye tairi kwa shida. Muthamia akavua koti, akaanza kusukuma pampu ya baiskeli kwenye tairi la Land Rover. Alisukuma mpaka shati likamganda mgongoni, tairi likabaki vile vile. Ndambiri alikaa juu ya jiwe kutazama vizuri.

Ndani ya gari, Igoki alikuwa akimwangalia mkwewe kwenye kioo cha pembeni.

“Makandi. Huyu si alisema ana mashine?”

“Anayo, Mama.”

“Iko wapi?”

Makandi alimtazama ndugu yake. Muthamia alitazama chini kana kwamba amepoteza sindano.

“Umeikalia, Mama.”

Igoki akainua pembe ya leso, akakitazama kile kiti, akamtazama mtu mzima yule aliyelowa jasho na pampu ya baiskeli mkononi, na kitu kikaanza kumtikisa mabega. Alicheka. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso.

“Na mbona hakusema?”

“Ulisema hushuki.”

“Nilisema sishuki. Nilisema sisogei?” Akampa Makandi kikapu. “Toka hapo katikati.”

Makandi akatelemka kwa mlango wa dereva. Igoki akakusanya gauni lake, akajivuta kwenye kiti cha kati, akaendelea kujivuta mpaka akajikuta nyuma ya usukani, kwenye kiti cha mkwe wake. Muthamia alishikwa na aibu mpaka masikio yakawaka. Alisimama mlangoni kwa upande wa pili, mikono hewani, asijue kama aguse ule mto wa kiti au asiguse.

“Inua, Muthamia,” Igoki akasema. “Si moto.”

Miaka yote ya ukwe hakuwahi kumwita jina. Muthamia akainua. Kompresa ikaanza kudunda, mpira ukajaa, na kwa kuwa lazima injini ingurume na Makandi aliogopa hata kugusa mlango, ilibidi mama mkwe aoneshwe pa kukanyaga. Akakanyaga kwa nguvu. Land Rover ikapiga ukelele, Ndambiri akaruka kutoka kwenye jiwe na kuangukia baiskeli yake.

“Ndambiri!” Igoki akaita kutoka kwenye usukani. “Nenda sasa uwaambie huko sokoni!”

Matairi yalijaa moja baada ya jingine, na kabla ya jioni walikuwa Meru. Muthamia alisimamisha gari karibu na mlango kiasi kwamba bampa ilikwaruza ngazi. Ndipo Igoki aliposhuka. Karimi alitoka mbio, akamweka mtoto mikononi mwa mama yake. Igoki mkubwa alimtazama Igoki mdogo, akamtemea mate kifuani kumbariki, akamwita kwa jina lao. Muthamia alijifanya anakagua tairi, akisema vumbi limemwingia machoni.

“Muthamia,” mama mkwe akasema, bila kupitia kwa Makandi. “Kesho peleka hilo gari kwa fundi wako. Hiyo mashine aitoe hapo, aiweke mbele ama popote.”

“Ndiyo, Mama.”

“Hicho kiti nitakuwa nikikihitaji.”