Jina Lililobaki Getini

Evanthia alijiapiza mbele ya kioo, akifunga skafu, kwamba leo hatagombana na mtu. Alijiapiza kwa sababu anajijua. Leo alikuwa anakwenda kisiwani Mitilini kumbatiza mtoto wa Argyro, na Argyro si rafiki wa jana. Tangu usichana wao wa chuo hapa Thesaloniki, walipokuwa wakivaa koti moja kwa zamu, wawili hao ni chanda na pete.

Na hakuwa anakwenda kula na kucheza tu. Alikuwa anakwenda kutaja jina. Mtoto kwao hana jina mpaka abatizwe; kabla ya hapo ni bebe, basi. Padri anauliza, na anayejibu si baba wala mama, ni mama wa ubatizo aliyempakata mtoto. Likishamtoka mdomoni, limetoka. Argyro alitaka Melpo, jina la mama yake aliyemzika mwaka jana. Mama mkwe wake, Bi Garufalia, alitaka Garufalia, kwa kuwa mtoto wa kwanza ni wa upande wa baba, na kwa kuwa yeye bado yu hai na ana mdomo. Nyumba ile ilizozana mimba nzima, na mtoto alipozaliwa ikazozana zaidi. Mwisho Stratis, mume wa Argyro, akapiga meza: "Basi! Mama wa ubatizo ataamua. Atakalosema ndilo hilo, na atakayenuna anune!"

Argyro akajifungia chooni akampigia Evanthia. "Shoga yangu, wewe ndiye mdomo wangu. Njoo."

Sasa uende ukawaambie hayo watu wa ndege.

Ukaguzini walianza na mafuta. Ilikuwa chupa ya mafuta ya zeituni kutoka kwenye miti ya baba yake, ya kumpaka mtoto, kwa maana mafuta, nguo, msalaba na mshumaa huletwa na mama wa ubatizo. "Kimiminika," alisema kijana wa ukaguzi bila hata kumtazama, akaidumbukiza kwenye pipa.

"Kaka, hayo ni ya ubatizo."

"Hata yangekuwa ya askofu. Anayefuata!"

Evanthia akakumbuka kiapo chake. Mitilini mafuta hayakosekani, kisiwa kizima ni mizeituni. Akachukua boksi lake la nguo, akakumbatia mshumaa wake mrefu uliofungwa utepe na shela, akapita kimya. Kwa mtu kama yeye, hilo peke yake lilistahili nishani.

Ndege ilikuwa iondoke asubuhi mapema. Ubao ukaandika imechelewa. Ukaandika tena imechelewa, halafu ukaacha kuandika chochote, kana kwamba ndege yenyewe ilikuwa uvumi. Akauliza dirisha la kwanza, akaambiwa aulize la pili. La pili lilikuwa limefungwa. Wakatangaziwa geti jipya, upande wa pili kabisa wa jengo, watu wakakimbia na watoto na mabegi, bibi vizee wakakanyagana, na walipofika wakaambiwa warudi kule kule. Hakuna aliyeomba radhi. Hawa watu wamesomea wapi huo ujeuri?

Simu ikalia.

"Uko wapi?" Argyro alikuwa ananong'ona.

"Getini. Hawasemi kitu, hawa mbwa."

"Padri ana harusi baada yetu. Amesema saa saba, zaidi ya hapo hawezi." Nyuma yake ikasikika sauti ya kizee, kali, ya kusikika makusudi: "Mwambie asijisumbue kama hawezi! Marika ameshavaa!"

Marika ni wifi yake Argyro, binti wa Bi Garufalia. Marika akimbeba mtoto, jina litakuwa la mama yake Marika, na hilo halihitaji mganga kulibashiri.

"Nakuja," Evanthia akasema. "Hata nikiparamia bawa la ndege, nakuja."

"Evanthia, tafadhali. Usigombane na mtu."

"Nani? Mimi?"

Saa tano ikatangazwa kwamba wapande. Safari yenyewe haifiki saa nzima, kwa hiyo muda ulikuwepo. Mstari ukasogea. Bibi mmoja mwenye nguo nyeusi akajipenyeza mbele yake kwa viwiko, na Evanthia akamwacha, akijisikia mtakatifu. Kisha akafika mezani. Pale alikaa mhudumu wa geti, kucha nyekundu, kikombe cha kahawa baridi mkononi, jina kifuani: Roula.

"Hicho nini?"

"Mshumaa wa ubatizo."

"Mrefu. Haupandi ndani. Unakwenda chini na mizigo."

"Chini utavunjika. Umepita ukaguzi, umepita mashine, hata mbwa ameunusa. Wewe tu ndiye unauogopa?"

"Dada, usinipandishie sauti. Uende chini, au ubaki nao."

"Unajua maana ya mshumaa wa ubatizo kuvunjika?"

"Najua maana ya sentimita."

Nyuma wakaanza. "Mama, mpe huo mshumaa twende, tumeota mizizi hapa!" Mzee mmoja mwenye kofia akadakia, "Usiwape! Leo mshumaa, kesho watatuvua viatu!" "Walishatuvua, babu, ulikuwa umelala!" Watu wakacheka, na kicheko kile kikamtia Evanthia kichwa.

Maana alijua la kufanya. Mtoto mdogo angejua: weka mshumaa chini, panda ndege. Aliyekuwa anangojwa kule ni yeye na mdomo wake, nta haikuhitajika. Alijua hivyo wakati ule ule, akiwa amesimama pale na mshumaa mkononi, na tayari mkono ulikuwa umeanza kulegea. Ndipo Roula akamgeukia mwenzake, akasema bila kujali kusikika, "Washamba hawa. Ukiwapandisha ndege wanadhani ni basi la kijijini kwao."

Na usiniambie hasira hasara. Kila mtu anaijua methali hiyo akiwa amekaa kwake na miguu ameinyoosha.

Evanthia aliuinua mshumaa kwa mikono miwili akaupiga pembeni ya meza. Ukakatika pande mbili. Kahawa ikapinduka, ikamwagikia tiketi, kompyuta na sketi ya Roula.

"Haya!" akafoka, akimsogezea kipande usoni. "Sasa ni mfupi! Pima!"

Mstari mzima ukalipuka. Watu walipiga makofi na miluzi. Mzee wa kofia alimwita simba jike, na yule bibi wa nguo nyeusi akambariki kwa ishara ya msalaba. Evanthia akatweta, akajisikia mrefu, akajisikia amelipiza mafuta, na ubao, na mbio zote za asubuhi. Ilikuwa raha tupu, tusidanganyane.

Roula hakupiga kelele. Alijifuta taratibu, akainua simu, akasema, "Abiria huyu hapandi. Leteni askari."

Waliopiga makofi wakapanda wote. Hakuna hata mmoja aliyebaki kumtetea. Mzee wa kofia alipita akitazama viatu vyake. Askari wawili walikuja, wakamkuta amekaa juu ya boksi la nguo za mtoto, na kupitia kioo akaiona ndege ikigeuza mkia na kuondoka. Akalia kwa sauti, kama anayelia msibani. Askari mmoja akamletea maji, mwingine akamshauri aombe radhi, na akaomba, akiuma meno, kwa mkubwa wa Roula, ndipo wakamruhusu kupanda ya alasiri. Argyro hakupokea simu. Kwenye ndege ile ya alasiri hakuna aliyemuuliza kitu, hata jina.

Karamu aliikuta imekolea. Mwanakondoo alikuwa ameliwa nusu, pombe ya uzo inamiminwa, wanaume wa upande wa Stratis wamekumbatiana mabega wanacheza. Argyro alimwona, akaja mpaka kwenye mlango wa ua, akasimama hapo.

"Walitaka kuutupa mshumaa wako," Evanthia akaanza. "Yule mwanamke alinitukana, Argyro, haki ya Mungu ungekuwa wewe..."

"Ndege yako ilitua kabla ya saa saba," Argyro akasema. "Ndani alikuwemo binamu yake Stratis. Alikuja moja kwa moja kanisani, anacheka mpaka machozi, anawasimulia watu kuna mwanamke amemvunjia mhudumu mshumaa kichwani."

"Si kichwani! Mezani."

"Nilijua ni wewe kabla hajamaliza." Macho yake yalikuwa makavu. "Mishumaa inauzwa hapo hapo kanisani, Evanthia. Marika alinunua mlangoni. Mimi nilikuwa nakutaka wewe."

Evanthia aliliweka chini boksi la nguo. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kutaka ardhi ipasuke.

Bi Garufalia akatokea na mtoto mikononi, mweupe pee, amevalishwa na kupakwa mafuta, na sauti ya bibi sasa ilikuwa asali. "Karibu, mwanangu! Pole na safari. Hao watu wa ndege hawana utu kabisa. Njoo umshike. Muite jina lake, ameanza kulizoea."

Muziki ukakatwa. Hata wachezaji wakasimama. Evanthia alimpokea mtoto, mzito kuliko alivyodhani, akanusa nywele zake zenye mafuta. Alimtazama Argyro. Argyro alikuwa anatazama lozi za sukari mezani, anazipanga moja moja kwa kidole.

"Garufalia," Evanthia akasema.

Mtoto akatabasamu, watu wakashangilia, muziki ukaanza tena. Argyro akaziacha lozi, akaingia jikoni, na hakutoka mpaka Evanthia alipoondoka.