Nafasi ya Mume

Mpiga pasi alianguka kiwandani saa nne asubuhi, pasi ikaunguza kola ya sare ya shule. Msimamizi aliilalamikia kola kwanza. Sasa mwanamke huyo alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu katika korido ya hospitali, magoti kifuani, akiogopa hata kukohoa.

Nesi, mama mtu mzima, alirudi na picha ya tumbo.

"Sikiliza, binti yangu. Kila mwezi yai likipevuka, kifuko chake kwenye ovari hupasuka, yai likatoka. Kinachobaki hugeuka kinundu cha manjano, kikakaa wiki mbili hivi, kisha kikanywea chenyewe. Ni kawaida. Chako kimejaa damu na kimepasuka, damu inavujia tumboni. Lazima upasuliwe leo. Ukisikia bega linauma niambie hapo hapo, maana damu itakuwa imepanda."

"Nitakufa?"

"Tukiwahi, hapana."

Tangu hapo akaliogopa bega kuliko tumbo.

Mama mkwe alifika akihema. Karani wa mapokezi alimfuata na fomu ya kuridhia upasuaji.

"Kipimo cha mimba kinasemaje?" mama mkwe aliuliza.

"Hana mimba," nesi alijibu.

"Si unaona? Ameitoa."

"Mama, hakuna kilichotolewa. Ni yai la mwezi tu."

"Mimi nimezaa saba na sijapasuka hata siku moja." Akamgeukia mkwewe, sauti ikalainika. "Sema, mwanangu. Mficha uchi hazai."

"Sijafanya kitu, mama. Nilikuwa napiga pasi."

"Utamwambia mumeo. Nimempigia simu, yuko njiani na lori. Kasema usiguswe mpaka afike kesho."

Daktari alichungulia kutoka chumba cha upasuaji. "Fomu tayari?"

"Mume hajasaini," karani alisema.

Mlango ukafungwa.

Mpiga pasi alinyoosha mkono, akachomoa kalamu mfukoni mwa karani, akaandika jina lake pale chini. Jina lilisomeka. Karani aliitazama fomu.

"Hii sahihi ya nani?"

"Yangu. Tumbo ni langu."

"Tumbo ni lako, dada. Nafasi hii ni ya mume." Wala hakuwa mkali. Alisema kama mtu anayekuelekeza dirisha la pili. "Sasa umeiharibu. Ngoja nikatengeneze nyingine."

Akaondoka. Mpiga pasi alifumba macho, na ndipo kitu kikamchoma bega la kulia, kidogo tu. Akajisogeza, akiomba iwe ni chuma cha kitanda. Maumivu yakasogea naye.

"Nesi," alisema. "Bega."

Nesi alikimbia akaugonga mlango wa upasuaji kwa ngumi.

"Imesainiwa?" daktari aliuliza kutoka ndani.

Nesi aligeuka. Mwisho wa korido, karani alikuwa ameinamia meza akipiga mistari ya fomu mpya kwa rula, maana mashine ya fotokopi iliishiwa wino tangu juzi.