Nyumba Namba Moja

Mume wangu Wakhungu ako na ugonjwa mmoja tu: hawezi kupangiwa kitu. Mpe chai, atauliza nani alisema anataka chai. Kwa hivyo mwaka wa 2009, Mzee Kisemei, landilodi wetu hapa Kitengela, alipouza ng'ombe wawili akanunua rauta, kile kisanduku cha kugawa mtandao, na kutangazia ploti nzima kwamba intaneti sasa iko ndani ya kodi, nilijua tu tutaaibika.

Wapangaji wengine waliacha rauta iwagawie namba za mtandao. Unawasha kompyuta, inapewa namba yake, unaingia, kazi kwisha. Lakini wangu? Virusi vilikula Windows, akaweka Linux mahali pake kwa laptop yetu, na tangu siku hiyo anatembea ni kama aliiunda yeye.

"Mwanaume hagawiwi namba kama mgonjwa kwa foleni," akaniambia.

Akaondoa otomatiki, akaandika namba kwa mkono. Namba zote za ploti yetu zilifanana isipokuwa mwisho. Sisi tunakaa nyumba ya kwanza, kwa hivyo hapo mwisho akaweka moja. Akajipiga kifua, wallahi, mtu mzima.

Kuanzia hapo intaneti ya ploti ikawa inapotea, inarudi, inapotea. Oyoo wa nyumba nne akalaumu stima. Yvonne wa nyumba sita akamlaumu Oyoo na sinema zake. Mzee Kisemei akapanda juu ya mabati kukagua waya. Hata sisi wenyewe hatukupata kitu, na Wakhungu akasema rauta ni ya bei rahisi.

Mimi sikuwa na wakati wa huo upuzi. Mimi ni nesi. Miaka tisa nimefunga watu bandeji kwa kliniki ya mtu binafsi, na sasa shirika moja lilikuwa limeniita intavyuu ya kazi ya nesi mkuu huko Lodwar. Jumamosi saa nne asubuhi, kwa video. Saiba, zile duka za intaneti za mjini, hazikuwa na kamera. Ilikuwa ni laptop yetu au basi.

Jumamosi saa tatu na nusu, laptop haishiki intaneti. Mlango ukabishwa. Alikuwa Naisenya, binti ya Mzee Kisemei, anayefanya kazi Kajiado na kurudi wikendi.

"Supa, Mama Lennox."

"Supa oleng," nikamjibu salamu yake ya Kimaasai. "Ingia, lakini niko na moto hapa."

Alikuwa ameshika daftari la babake. Mzee alikuwa ameandika kila saa intaneti ilipopotea, vile huandika siku ng'ombe wamezaa.

"Jioni inapotea saa moja, inarudi saa tatu," Naisenya akasoma. "Lakini Jumapili haikupotea siku nzima. Nani hakuwa nyumbani Jumapili?"

"Sisi. Tulikuwa Nkoroi kwa dada yangu."

"Namba yenu inaishia na ngapi?"

"Moja."

"Ai! Moja ni ya rauta yenyewe! Kompyuta zote zinatafuta rauta, zinawapata nyinyi."

Akatoka kuwaambia wengine, akicheka njia nzima. Nikamgeukia Wakhungu, aliyekuwa amesimama kando ya meza.

"Badilisha."

Hakusonga. Alikuwa anaangalia dari.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Alhamisi. Nilisoma kwa kitabu." Sasa akaniangalia. "Lodwar ni mbali, Mama Lennox."

Ningemrushia kikombe, ni vile tu kilikuwa na chai. Siku mbili ameniona nikifanya mazoezi ya kujibu maswali mbele ya kioo, na amenyamaza! Nilimchukia hapo, nasema ukweli.

"Si ungeniambia tu hutaki niende?"

"Ungesema nini?"

"Ningesema naenda."

"Si ndiyo maana sikusema."

Zilibaki dakika kumi na mbili. Nikamsukumia laptop.

"Mimi sijui hiyo Linux yako. Rudisha otomatiki, kwa mkono wako mwenyewe. Ama uache, nijue nimeolewa na nani."

Akakaa. Akafuta ile moja, akachagua otomatiki, akabonyeza. Tukangoja. Rauta ikatupatia namba ya kuishia ishirini na tatu. Huko nje Oyoo akapiga nduru, "Imerudi!"

Betri ya laptop ilikuwa imekufa kitambo, na chaja ilikuwa haikai hadi ishikwe. Wakhungu akakaa chini sakafuni, nyuma ya meza, mahali kamera haioni, akaishika. Saa nzima ya intavyuu aliishika, na hakukohoa.

Swali la mwisho liliulizwa na mama mmoja mwenye miwani.

"Na familia yako, itakubali uende?"

Nikamwangalia Wakhungu. Alikuwa ameinamisha kichwa, machozi yanamtoka, na chaja bado ameishika kwa mikono miwili.

"Imekubali," nikasema.